Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa siyo stempu

Kila Bunge la bajeti linapokaribia, mwezi Aprili, vyumba vya Makole, Majengo na Uhindini hapa Dodoma hugombaniwa na meza yetu ya ushauri wa sheria hujaa. Wapangaji wanakuja wakisema wamepewa siku tatu wahame. Wenye nyumba wanakuja wakidai kodi ya miezi minne. Tukiuliza mkataba uko wapi, wengi wanatoa karatasi ya daftari.

Juzi mama mmoja anayeuza uji karibu na Jamatini aliiweka ya kwake mezani, imekunjwa mara nne. "Nimepokea laki tisa, chumba na sebule, miezi sita." Chini yake saini ya mwenye nyumba, pembeni muhuri wa bluu wa mwenyekiti wa mtaa. Tarehe hakuna. Namba ya nyumba hakuna. Nani analipa maji, nani anaziba paa likivuja, hakuna. Mwezi wa tatu tangu ahamie, alirudi kutoka kazini akakuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyake vimewekwa uani, maana alikuwa amepatikana mtu wa kulipa zaidi. Akaniambia, "Dada, lakini si unaona imegongwa muhuri?"

Muhuri ule unaonyesha kwamba mwenyekiti alishuhudia. Ni jambo jema, na wenyeviti wanatusaidia sana. Lakini stempu inayotajwa na sheria ni nyingine kabisa. Ni ushuru unaolipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, na kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha 150,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, kodi yake ni 1,800,000 na ushuru ni 18,000. Dalali aliyekuonyesha chumba hicho kwa kawaida amechukua kodi ya mwezi mzima, yaani 150,000, na hukumuuliza mara mbili. Kwa nini basi hii 18,000 ndiyo ionekane mzigo?

Utaratibu ni huu. Mkataba ukishasainiwa na pande zote mbili na mashahidi, upelekwe ofisi ya TRA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kusainiwa. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe: bila tarehe hakuna anayejua siku 30 zinaanzia wapi. Peleka nakala zote, ya mwenye nyumba na ya mpangaji. Ushuru utakadiriwa, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, utalipa benki au kwa simu, kisha risiti uihifadhi pamoja na mkataba. Usimpe mtu fedha mkononi akakulipie. Ndani ya mkataba andikeni pia nani atabeba ushuru huo, kwa sababu tumeshuhudia watu waliokubaliana kodi ya mamilioni wakigombana kwa ajili ya stempu.

Mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru wenyewe na faini yake vilipwe. Wako wanaotangaza mitaani kwamba mkataba wa namna hiyo ni batili. Si kweli. Mhusika anaweza kupewa nafasi ya kulipa ili mkataba upokelewe, lakini wakati huo shauri limesimama, faini inamsubiri, na vyombo bado viko uani.

Tunaombwa pia tupange bei. Naelewa maumivu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, chumba kilichokuwa cha mwanafunzi sasa kinatafutwa na mtumishi. Lakini Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Hakuna ofisi yenye kitabu cha bei, na CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo bado wazee wanaitaja, ilivunjwa mwaka 2017. Kinachoweza kukulinda bei isipande katikati ya muda ni maneno yaliyomo kwenye mkataba wako.

Kwa wenye nyumba: kubadilisha kufuli wakati muda uliolipiwa haujaisha ni kuvunja mkataba. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu, na paa na kuta kubwa ni juu yako kuzitunza. Pale ambapo muda haukutajwa, notisi isipungue kipindi ambacho kodi hulipwa: anayelipa kwa mwezi, mwezi mmoja. Siku tatu hazimo popote. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni yako, hata kama anayenunua umeme ni mpangaji. Mrudishie, au fedha hiyo ikatwe kwenye kodi ya pango.

Mgogoro ukishindikana nyumbani, anzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu, linasuluhisha, na lina siku 30. Likishindwa linakupa uthibitisho wa maandishi, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tafadhali msiruke hatua hiyo. Shauri likifika wilayani bila uthibitisho, na siku hizo 30 hazijaisha, linarudishwa, na mtu aliyekopa nauli kutoka Nkuhungu anaondoka mikono mitupu. Polisi nao hawakusanyi kodi ya nyumba. Nendeni kwao pale tu palipo na wizi, kipigo au uharibifu.

Yule mama tumemwelekeza Baraza la Kata, na ujumbe wa simu unaoonyesha siku aliyotuma ile laki tisa tumemwambia asiufute. Aliuliza kama aandike karatasi nyingine nzuri zaidi, aweke tarehe ya siku ile aliyohamia. Hapana, mama. Karatasi ya tarehe ya kubuni itakuharibia hata kile ulicho nacho. Ipeleke hiyohiyo ya daftari, na mikunjo yake.