Roboti haikuoni, kaka

"Fundi, si ina jicho? Nikisogea itasimama yenyewe." Nimeyasikia tena juzi, kwenye kiwanda kimoja hapa Mtwara, kwa kijana aliyekuwa keshauvuka mstari wa njano unaoizunguka roboti kufuata gunia lililokwama. Nimechoka nayo.

Hilo jicho ni skana ya leza. Haimjui mtu wala gunia. Inapima umbali, na kitu kikiingia eneo iliyopangiwa, inakata amri ya mwendo. Sasa mkono wa roboti uliobeba gunia la kilo 50 hautulii papo hapo, na wewe muda huo bado unatembea. ISO 13855, kiwango cha kimataifa cha hesabu hii, kinakuchukulia kuwa unatembea milimita 1,600 kwa sekunde. Tuseme skana, saketi na breki kwa pamoja vinakula nusu sekunde: umeshasogea sentimita 80. Halafu skana iliyofungwa karibu na sakafu inaona miguu, haioni mkono ulioutanguliza mbele, kwa hiyo kiwango kinaongeza zaidi ya mita moja. Jumla karibu mita 2. Ndiyo maana mstari uko mbali hivyo. Wanaousogeza ndani "tupate pa kuweka paleti" wamehamisha rangi tu.

Na vumbi. Kioo cha skana ya usalama kikichafuka, yenyewe husimamisha mtambo, na ndivyo inavyotakiwa. Msimu wa korosho ukianza napigiwa simu: skana mbovu. Wapi! Futa kioo kila zamu inapoanza, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, usitumie mkono wa ovaroli uliojaa mchanga. Anayeiruka skana kwa kuchomekea waya ili kazi iendelee, mimi na yeye hatufanyi kazi pamoja.

"Inasoma ishara za mkono, kitufe chekundu cha kuisimamisha ni cha nini?" Kamera ya ishara ni ya kuambia roboti lete, weka, subiri. Kukuokoa haimo. Mwendesha winchi bandarini asipomwelewa mpiga ishara, anasimama na kuuliza. Roboti haiulizi. Halafu sisi tunamwita mtu kiganja kikitazama chini. Mfumo uliofundishwa na wanaoita kiganja juu utaelewa nini? Mimi nataka kwanza ishara ya kufungulia, ndipo amri ifuate, mkono wako utulie sekunde mbili, la sivyo kila anayejifuta jasho ametoa amri. Kitufe kibaki palepale.

"Hizi roboti ndogo za kufanya kazi bega kwa bega na watu hazina madhara." Ishikishe kisu, halafu uniambie.

"Imesimama, basi imezimwa." Inasubiri, kaka. Pazia la mwanga mlangoni, ile miale inayosimamisha roboti ukiikata, linalinda mlango tu. Ukishapita, halijui uko ndani. Mwenzako nje anaona kimya, anabonyeza riseti ya kuiwasha upya, na mkono wa roboti unakuja wakati umeinama kwenye konveya. Mwaka 1979, Robert Williams alipanda kwenye rafu kuchukua vyuma kwa mikono, katika kiwanda cha kusubu vyuma cha kampuni ya magari ya Ford huko Flat Rock, Michigan, Marekani. Roboti ikampiga, akafa. Kata umeme, toa hewa, funga kufuli lako, ufunguo uwe mfukoni mwako.

Yule kijana akaniuliza ufunguo wa akiba anao nani. Hakuna wa akiba.