Tofali la jivu na tofali la nano

Hapa Tanga, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani, nimeshasikia mara nyingi mno “tofali za nano”. Ukiuliza nano iko wapi, unajibiwa kwamba zimetiwa jivu la kiwandani, laini kama poda. Hapana, jamani. Hivyo ni vitu viwili.

Nano ni chembe yenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, na nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Ikitiwa kidogo kwenye tofali au zege lenye mabaki ya viwandani, huliongezea nguvu.

Jivu la makaa ya mawe, hata likiteleza vidoleni, chembe zake nyingi zina maelfu ya nanomita. Saruji ni hivyo hivyo. Chembe zote za gramu moja ya saruji, ukizijumlisha nyuso zake, hazifiki nusu mita ya mraba. Za gramu moja ya nanosilika, yaani silika (kitu kilichomo kwenye mchanga) ya ukubwa wa nano, huweza kufika mita za mraba 200. Uso huo ndio unaofanya kazi. Saruji ikishika maji huzalisha pia chokaa isiyo na nguvu. Nanosilika huila upesi, ikaigeuza gundi ileile inayoshikilia zege, na vitundu vikazibika. Jivu nalo huila chokaa hiyo, ila polepole, ndiyo maana tofali lake huchelewa kukomaa. Nano inakuja kuliharakisha.

Tena huwekwa kiduchu, mara nyingi asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa saruji na jivu. Isipotawanywa vizuri hushikana mabonge, na penye bonge ndipo tofali linapopasukia. Hunywa maji pia. Fundi akiongeza maji kwa kukadiria, faida imekwenda.

Na linalopunguza uchafuzi ni jivu, si nano. Jivu hushika nafasi ya klinka, zile punje zinazosagwa kuwa saruji. Klinka hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa kwa nyuzi joto 1,450 hivi, na mawe hayo, kama haya yetu ya Pongwe, hutoa kaboni dayoksaidi yakichomwa. Soma mfuko wa saruji iliyochanganywa, ile iliyoandikwa CEM II: baada ya A au B kuna herufi ya kilichochanganywa. P ni pozolana ya asili, kama majivu ya volkano, L mawe ya chokaa, S mabaki ya tanuru la chuma, V jivu la makaa ya mawe. Nano haina herufi hapo.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, tofali lako la jivu ni zuri. Liuze kwa jina lake. Ukiliita la nano, mwambie mteja ni nano gani, na imetiwa asilimia ngapi.