Kiitaliano cha Ngazi ya Kati: Maumbo Mawili Sahihi na Kazi ya Kuchagua

Mwanafunzi anayevuka mwaka wa kwanza wa Kiitaliano chuoni huwa tayari anaweza kueleza ukoo wake, kuagiza chakula na kusoma ratiba ya treni. Anapoingia ngazi ya kati, ile ambayo Wazungu huipa alama za B1 na B2, hudhani kwamba kilichobaki ni kuongeza msamiati. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha ngazi hii, msamiati ndio unaosumbua kidogo zaidi. Kinachomlemea ni kwamba sasa huwekewa mbele maumbo mawili ambayo yote ni sahihi, naye hutakiwa kuchagua moja kwa kuzingatia anasema na nani, kuhusu nini na kwa uhakika kiasi gani.

Tuanze na wakati uliopita. Anayetoka katika Kiswahili hana sababu ya kuiogopa tofauti ya passato prossimo (tendo lililokamilika) na imperfetto (tendo lililokuwa likiendelea au la mazoea), kwa kuwa “alisoma” na “alikuwa akisoma” amezinyonya tangu utotoni. Tatizo hutokea kwenye mazoea: sisi tunaweza kusema “nilikwenda pwani kila mwaka” bila kukosea, lakini Kiitaliano hudai imperfetto, andavo. Baadhi ya vitenzi navyo hubadilika maana kabisa, kwani sapevo ni “nilikuwa najua” ilhali ho saputo ni “nilipata habari”. Passato remoto, umbo jingine la wakati uliopita, mimi huifundisha kwanza kwa ajili ya kusoma, kwa sababu imejaa katika riwaya na vitabu vya historia, ingawa mtu wa Milano haitumii sana katika mazungumzo na wa Sicilia huitumia bila shida.

Congiuntivo, yaani umbo la kitenzi linalotumika kwa matakwa na dhana, ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Tunaposema “nataka aje”, kile kiishio cha -e kinafanya kazi ileile ya voglio che venga, na hapo darasa zima hufurahi. Furaha hiyo hukatika tunapofika kwenye “nadhani anakuja”. Kiswahili hubadilisha kitenzi kwa ajili ya matakwa, amri na kusudi, lakini dhana tu hakiihesabu. Kiitaliano sanifu huihesabu, kwa hiyo ni penso che venga, wakati so che viene (“najua anakuja”) hubaki jinsi ilivyo kwa kuwa msemaji anajua. Mitaani utasikia penso che viene, na hakuna atakayeshindwa kuelewa. Hata hivyo, katika barua ya kuomba kazi au insha ya mtihani kosa hilo huonekana upesi, na mwanasiasa anayeteleza hapo huchekwa na nchi nzima.

Ukali huo una historia. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokimudu Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 tu ya wananchi. Mwanaisimu mwenzake Arrigo Castellani baadaye alikipandisha kiwango hicho hadi karibu asilimia 10. Waliobaki walizungumza Kinapoli, Kivenezia, Kisicilia na vinginevyo, ambavyo si Kiitaliano kilichoharibika bali ni ndugu zake waliotoka pamoja naye katika Kilatini. Kilichosanifishwa ni Kifirenze, lahaja ya mji wa Firenze, cha waandishi Dante, Petrarca na Boccaccio, ambacho msomi Pietro Bembo alikitetea kwa maandishi mwaka 1525, na Accademia della Crusca, chuo cha wasomi wa lugha, ikakitolea kamusi mwaka 1612. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: hazina kubwa ya ushairi ilikuwa Lamu na Mombasa, lakini kilichochaguliwa katika miaka ya 1920 ni Kiunguja, kilichokuwa kimesambaa bara pamoja na biashara. Lugha iliyokaa vitabuni karne nyingi kabla ya kufika majumbani, na iliyosaidiwa kufika huko na televisheni kuanzia mwaka 1954, haiachi haraka tabia ya kupima elimu ya mtu kwa vitenzi vyake.

Limebaki suala la heshima. Wanafunzi waliojifunza kwa watalii huko Malindi na Watamu huzungumza kwa wepesi ambao wenzao huuonea wivu, ila kila mtu kwao ni tu, yaani “wewe” ya kirafiki, badala ya Lei, “wewe” ya heshima. Sisi heshima tunaiweka katika shikamoo, katika “mzee” na “mama”, kisha kitenzi kinaendelea vilevile kwa mkubwa na mdogo. Kwa hiyo hata aliyeanza vizuri na come sta? (“hujambo?” ya heshima) hujikuta sentensi ya tatu anasema puoi (“unaweza” ya tu) badala ya può (ya Lei). Serikali ya kifashisti ilijaribu mwaka 1938 kuiondoa Lei na kulazimisha voi (“ninyi”) iwe ya heshima. Lei ilirudi, ingawa voi ya heshima bado husikika kusini, hasa kwa wazee. Ndiyo maana zoezi ninalolipa alama nyingi ni barua moja iliyoandikwa mara mbili, kwanza kwa rafiki, kisha kwa ofisi ya chuo, na katika nakala ya pili nasahihisha kila kitenzi na kila kiwakilishi hadi saini ya mwisho.