Mshahara wa Sista Uko Wapi?

Kila Desemba, ndugu wanapopanda Moshi kwa sikukuu na kupita konventini kutusalimia sisi masista, swali huwa lile lile: binti yetu ni muuguzi, mbona nyumbani hatuoni chochote? Wengine huongeza kwamba shirika letu la watawa halina haja na mshahara wake kwa kuwa fedha zetu hutoka Roma.

Roma haitulipi mshahara. Nadhiri ya ufukara ina nguvu ya kisheria: kwa kanoni ya 668 ya Sheria za Kanisa Katoliki, anachokipata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika, na hata pensheni huenda huko isipokuwa katiba ya shirika ielekeze vinginevyo. Mshahara wa muuguzi huyo huingia katika mfuko mmoja unaolipa ada ya sista aliye chuoni, dawa za masista wazee na chakula cha wanovisi, yaani wasichana walio katika malezi kabla ya nadhiri za kwanza, ambao bado hawajaingiza hata shilingi. Nauli ya kwenda msibani huombwa kwa mkuu wa jumuiya, na chenji hurudishwa. Migomba na ng'ombe wa maziwa mnaowaona nyuma ya konventi si dalili ya utajiri. Ndicho chakula chetu.

Kanoni hiyo hiyo ina sehemu ambayo familia huisahau, nadhani kwa makusudi. Kwa kawaida nadhiri za kwanza hazimwondolei sista umiliki wa mali aliyokuwa nayo: humkabidhi amtakaye usimamizi wake, na kabla ya nadhiri za daima huandika wosia unaotambulika kwa sheria za nchi. Kwa hiyo kaka asitumie maneno "dada ni wa Kanisa" kumruka wakati wa kugawa kihamba, shamba la ukoo. Mimi huwasihi wasichana wayamalize hayo kwa maandishi, mbele ya wazazi, kabla ya kuweka nadhiri.

Mzazi anayeniletea binti kwa sababu amefeli kidato cha nne namrudisha naye. Anayeingizwa unovisi kwa nguvu, kwa woga mkubwa au kwa hila, kupokelewa kwake ni batili. Wala hakuna anayefungiwa. Unovisi hudumu miezi 12 au zaidi, usizidi miaka 2, na mnovisi huweza kuondoka wakati wowote. Nadhiri za muda nazo, ambazo kwa kawaida huwa za miaka 3 hadi 6, zikiisha yuko huru kwenda zake. Geti tunalifunga usiku kwa ajili ya wezi.

Wanaotuomba tuwaungamishe, tafadhali wamwone paroko: sista hana daraja takatifu, yaani si padri.