"Grisi ni grisi tu" na dhana nyingine zinazopasua spea za plastiki

Ukizunguka viwanda vya Kizota, Dodoma, au mashine za kukamua alizeti kuanzia Kongwa hadi Singida, utaona chuma kinaipisha plastiki: gia za nailoni, bushi za asetali ambayo wengi dukani huiita Delrin, cheni za konveya, vikombe vya filta za kompresa. Mafundi wengi walifundwa kwenye chuma, na kanuni za chuma wanazihamishia huku zisikofaa.

"Grisi ni grisi, mradi iteleze"

Grisi ni oili iliyogandishwa, mara nyingi kwa sabuni ya lithiamu, ikatiwa na viongezi. Rangi ni uamuzi wa aliyeitengeneza. Nyekundu au buluu haikwambii lolote. Kinachoingia kwenye plastiki ni oili iliyomo ndani. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: oili yake ya msingi ni ipi? Inaweza kuwa ya madini, PAO (oili ya sintetiki), esta (jamii ya kikemia inayotokana na asidi kuungana na alkoholi), silikoni, au PFPE, oili ya sintetiki yenye florini ambayo bei yake inatisha. Silikoni, PFPE na kwa kawaida PAO huelewana na plastiki nyingi. Esta ndiyo ya kuogopa. Na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini usiifikirie kabisa: ina asidi, unga wa chuma na mabaki ya mafuta yaliyoungua.

"Kama ingekuwa inadhuru, ingepasuka siku hiyohiyo"

Hapa ndipo pesa inapopotea. Polikaboneti, ABS, polistairini na akriliki zina minyororo ya molekuli iliyosokotana ovyo, bila mpangilio. Oili isiyofaa hupenya katikati ya minyororo hiyo, hasa pale plastiki inapovutwa: kwenye tundu la boliti iliyokazwa kupita kiasi, kwenye kona kali, au mahali palipobaki na mvutano tangu plastiki ilipomiminwa kwenye moldi. Si lazima iyeyushe kitu. Inalegeza mshikamano, minyororo inateleza, zinajitokeza nyufa nyembamba kama nywele, kisha spea inakatika ghafla. Yaweza kuchukua saa, yaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana lawama humwangukia aliyefunga boliti, na kopo la oili linabaki kwenye rafu bila kesi.

Kikombe cha filta ya kompresa ni mfano mbaya kuliko yote, kwa sababu kina hewa ya presha ndani. Mara nyingi ni cha polikaboneti. Kompresa ikitumia oili ya esta, mvuke wake husafiri na hewa hadi kwenye kikombe, kwa hiyo hata usipoipaka kwa mkono imefika. Kikipasuka kinarusha vipande. Kama oili yako ni ya esta, funga kikombe cha chuma. Kama si ya esta, bado kikombe kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, si kwa thina wala petroli.

Kupima hakuhitaji maabara kubwa. Kata vipande viwili vya plastiki ileile, vipinde kwa kiasi kilekile na uvibane vikae hivyo, kimoja ukipake oili, kingine ukiache kikavu. Viweke penye joto kama la mashine na uvikague kila siku. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22088 kina kipimo rasmi cha namna hiyo. Kilichopakwa kikichanika peke yake, jibu umelipata. Kikivumilia siku chache, hiyo ni dalili nzuri tu, si hati ya dhamana.

"Alizeti ni mafuta ya kula, hayana madhara"

Kikemia, mafuta ya alizeti ni esta. Juu ya hapo huungana na hewa yakawa utomvu unaonata. Kwa mwenye kiwanda cha kukamua hili haliepukiki, yatarukia tu mashine. Basi kinga za kuonea ndani zisiwe polikaboneti iliyobanwa kwa boliti za nguvu. Nailoni na asetali hayazisumbui.

"Imeandikwa H1, basi inafaa"

H1 ni habari ya tumbo la mlaji: kilainishi kinachoruhusiwa pale kinapoweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Wanaojaza mvinyo kwenye chupa wanaihitaji, ni sawa. Lakini kuna H1 ya madini, ya PAO na ya esta, na herufi hizo hazikwambii itaifanyaje plastiki.

"Nailoni haiguswi na kitu"

Kwa oili, karibu ni kweli, ingawa viongezi vya kuhimili shinikizo kubwa vinaweza kuila ikiwa moto sana. Adui wa vipimo vya ukubwa wake ni maji. Nailoni 6 hunywa unyevu wa hewa hadi kama asilimia 3 ya uzito wake, na ikilowekwa ikashiba hukaribia asilimia 9. Gia iliyochongwa Dar es Salaam kwenye unyevunyevu itasinyaa kidogo ikikaa Dodoma kiangazi. Ikianza kubana kwenye shafti au kulegea kwenye meno, usilaumu grisi kwanza.

"Plastiki haihitaji kulainishwa" na "paka nyingi iwe salama"

Zote mbili zinakosea. Plastiki hupitisha joto vibaya sana kuliko chuma, hivyo joto la msuguano hubaki palepale na meno hupoteza ugumu wake. Grisi kidogo inasaidia. Ikizidi, vumbi letu la Dodoma linageuza grisi kuwa msasa.

"Silikoni inamaliza yote"

Kwa plastiki juu ya plastiki, sawa. Kwa chuma juu ya chuma ni dhaifu, na ikitapakaa mahali pa kupakia rangi, rangi haishiki. Tena huvimbisha sili za mpira wa silikoni. Sili za EPDM, mpira mwingine wa sintetiki, zenyewe silikoni inazifaa; zinazovimba kwa oili ya madini ni hizo, kwa hiyo soma aina ya sili kabla hujafungua kopo.