Umeme ukikatika, jokofu la chanjo lina muda gani?

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Ndani ya jokofu la zahanati ni nyuzi joto 5, chumbani ni 30, na chanjo zinatakiwa zikae kati ya 2 na 8. Muuguzi anauliza: nina muda gani?

Jokofu la kawaida, lisilo na barafu ya akiba kutani mwake, likikosa umeme hupoteza sehemu ileile ya tofauti kati ya joto la ndani na la chumbani kila dakika. Tuseme ni 1 kwa 1,000. Tofauti ya nyuzi 25 itashuka hadi 22, yaani ndani pafike 8, baada ya dakika kama 128.

Sehemu hiyo ndiyo kigezo tunachokitafuta, na hupatikana kwa vipimo, navyo vipimo huyumba. Tuseme kipimajoto huyumba nusu nyuzi, juu au chini. Wengi huchukua kila kipimo na kile cha dakika inayofuata, kisha hutafuta uwiano unaozifaa jozi zote. Njia hiyo, kwa wastani, itatoa karibu 1.45 kwa 1,000. Muuguzi ataambiwa ana saa moja na nusu tu, na atazihamisha chanjo mbio bila sababu.

Kosa linaingilia wapi? Tofauti ikisomeka kubwa kuliko ilivyo, kipimo kinachofuata hurudi chini, na hesabu hudhani joto limeingia. Ikisomeka ndogo, kinachofuata hurudi juu, lakini hesabu hii huzipa namba kubwa uzito zaidi, kwa hiyo makosa hayafutani. Rudia jaribio mara mia, upotofu utabaki palepale. Wanafunzi wangu hulikataa jambo hili mpaka wakokotoe wenyewe.

Ukilinganisha vipimo vilivyoachana nusu saa, badiliko la kweli ni karibu 30 kwa 1,000, na upotofu ule humezwa. Bora zaidi, chora vipimo vyote kwenye grafu, kisha tafuta mstari mmoja wa kupinda unaopita karibu navyo vyote tangu mwanzo. Mifumo yenye mambo mengi zaidi huhitaji kichujio cha mhandisi Rudolf Kálmán cha mwaka 1960, yaani njia ya hesabu inayokadiria hali halisi iliyojificha nyuma ya vipimo.

Fanyeni jaribio hili kabla ya dharura: jazeni jokofu chupa za maji kwa kiasi cha chanjo, zimeni umeme, andikeni joto la ndani na la chumbani kwa saa mbili. Muda mtakaoupata ubandikwe mlangoni.