Pambo la tawi: maana ya mti usiopigwa randa

Ukipita mitaa ya Mikindani, huku Mtwara, asubuhi baada ya usiku wa upepo, utakuta karibu kila uani kuna mtu ameinama anaokota. Matawi ya mwembe, vipande vya mkorosho, makuti, vijiti vya mwarobaini, vyote vinakusanywa mapema, na jua likipanda vimeshapangwa kando ya jiko. Katika lundo hilo hubaki tawi moja au mawili yasiyo na mwenyewe. Yamepinda mno, hayaingii kati ya mafiga. Yana mafundo yanayokataa shoka. Ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, kwa sababu pambo la tawi huanzia kwenye masalia hayo.

Pambo la tawi ni kitu cha kupendezesha bustani au ua kilichotengenezwa kwa matawi yaliyoanguka, na umbo lake linatokana na mti wenyewe. Lango la asumini, kiti cha chini ya mwembe, ngazi ya kutundikia vyungu vya maua, chanja ya mpasheni, kingo za tuta la mrehani, vyote vinaweza kuwa pambo la tawi. Kazi ya mkono ni kuchagua, kukausha, kukata urefu na kuunganisha. Mkunjo unabaki, fundo linabaki, na mara nyingine gome nalo linabaki. Randa haigusi, na ndiyo maana naona jina linalofaa zaidi kwenye karakana ni kazi ya mti usiopigwa randa.

Tofauti yake na useremala iko mwanzoni kabisa mwa kazi. Seremala huanza na kipimo. Akiagizwa mlango wa futi saba kwa tatu, anatafuta mbao za kutosha kipimo hicho, kisha anazipiga randa mpaka zinyooke. Mwenye pambo la tawi huanza na tawi lenyewe, na kipimo kinakuja baadaye, mara nyingi kikiamuliwa na pale lilipovunjikia.

Uchongaji nao ni jambo jingine, ingawa hapa kwetu watu huuchanganya na kazi hii, na si ajabu, maana Mtwara ni nyumbani kwa Wamakonde. Mchongaji kazi yake ni kuondoa. Anachukua gogo la mpingo, anakwangua tabaka la nje lililo jeupe, anaingia kwenye moyo mweusi ulio mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Hata hivyo upo mtindo mmoja unaoikaribia kazi yetu, nao ni ule wa shetani, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950. Viungo vya vinyago hivyo hujipinda na kujinyonga, na mchongaji mara nyingi huufuata mkunjo aliouona kwenye mti. Hapo naona undugu wa karibu. Lakini mchongaji wa shetani bado ana tezo na patasi mkononi. Ukiziweka chini, ukauacha mkunjo ulivyo, umeshatoka kwenye uchongaji.

Wapo wanaodhani mtindo huu umekuja na hoteli za ufukweni. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni neno panda. Panda ni mahali tawi linapogawanyika mawili, na mtoto wa Lindi anaijua kabla hajajua kusoma, maana manati haitengenezeki bila panda, na panda nzuri ya manati ni ya mpera. Nyumba ya fito na udongo husimama kwa nguzo zenye panda juu, na boriti inalazwa ndani ya panda hizo bila msumari. Kichanja cha vyombo uani ni panda nne zilizochimbiwa, miti miwili ya kulala juu yake, na fito zilizopangwa. Dungu la kulindia shamba ni panda nne ndefu zaidi. Bibi zetu walikuwa na kazi ya mti usiopigwa randa kila upande walikogeukia, ila waliifanya kwa ajili ya matumizi. Pambo linaongeza nia moja tu: kwamba kitu hiki kimewekwa hapa pia kwa ajili ya macho. Na niseme wazi, kichanja kilichofungwa vizuri, panda zake zikilingana, kinanipendeza kuliko stendi nyingi za chuma nilizoziona kwenye bustani za mjini.

Kabla ya kwenda mbele, kuna suala la kuni. Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, tawi lililoanguka ni moto wa jioni. Mama aliyetembea mwendo mrefu kutafuta mzigo wa kuni ana haki nalo kuliko mtu anayetaka kulitundika ukutani. Kanuni yangu ni kwamba jiko lichague kwanza. Kwa bahati njema jiko na pambo hayagombanii kitu kimoja: jiko linataka mti ulionyooka, unaopasuka kirahisi, na pambo linautaka ule uliopinda na wenye panda. Kinachokera mmoja ndicho anachokitafuta mwingine.

Pia tawi lina mwenyewe hata likiwa chini. Lililoanguka kwenye shamba la mtu, muombe. Ndani ya hifadhi ya msitu, iwe ya serikali au ya kijiji, uokotaji una utaratibu wake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo pitia kwanza ofisi ya kijiji. Mikoko usiikate, hata tawi moja. Na ukikuta mkorosho umekauka ghafla majani yakiwa bado yananing'inia, usiyabebe matawi yake kuyapeleka shamba jingine, kwa kuwa huenda ni ugonjwa wa mnyauko, na utakuwa umeusafirisha wewe.

Je, matawi ya kupogolewa yamo ndani ya maana hii? Swali hili huulizwa sana huku kwetu, kwa sababu mkorosho, mti ulioletwa na Wareno katika karne ya 16, leo ndio umejaa mashamba yetu kuanzia Tandahimba na Newala hadi Nachingwea, na msimu wa korosho ukiisha wakulima hupogoa. Mimi nayakubali. Mti ule ulikuwa upogolewe tu, pambo liwepo au lisiwepo. Nisilolikubali ni kukata tawi bichi la mti mzima kwa sababu limekuvutia kwa mkunjo wake. Hapo jina la pambo la tawi linapotea, kinabaki kitu kilichokatwa.

Matawi hayawi na tabia moja. Mkorosho una mikunjo mizuri kuliko mti wowote wa huku, lakini mti wake ni laini na bungua, wadudu wanaotoboa mti, wanaupenda. Mwembe vilevile. Mpera ni mgumu, gome lake linabanduka lenyewe na kuacha ngozi laini yenye mabaka, kwa hiyo haudai kazi nyingi. Mwarobaini huvumilia mchwa zaidi ya miti mingi ya uani. Moyo wa mkwaju ni mgumu kweli, utakusumbua msumeno lakini utakaa. Mti uliotemwa na bahari huko Msimbati au kwenye fukwe za Kilwa umeshasuguliwa na mawimbi na mchanga mpaka ukawa mlaini, ila umeshiba chumvi, na chumvi hiyo itakula msumari wa kawaida. Ufunge kwa kamba. Mnyaa uache kabisa, hasa penye watoto. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali.

Sasa ukaushaji, ambao ndio nusu ya kazi. Tawi lililoanguka si lazima liwe kavu. Lililoangushwa na upepo mkali, kama yale yaliyozagaa kimbunga Hidaya kilipopita mapema Mei 2024 na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika, linaweza kuwa bichi kabisa ndani. Gonganisha matawi mawili: makavu hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa sauti nzito iliyofifia. Yalaze kivulini, yasiguse ardhi, upepo upite chini na juu. Usiyaweke juani, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na ncha zikitangulia sana kukauka zinapasuka. Tawi la unene wa kifundo cha mkono mimi hulipa miezi miwili mpaka mitatu ya kiangazi. Mvua zetu huanza Desemba na kuishia Aprili, kwa hiyo anayeokota matawi masika yanapoisha ana kipindi chote cha upepo wa kusi cha kukausha.

Ukaushaji una sababu nyingine. Mti ukikauka unasinyaa. Ukifunga tawi bichi leo, kwa fundo zuri kabisa, baada ya muda kamba imelegea na lango linayumba, na utamlaumu mwenye kamba bure.

Wakati yanakauka, yakague. Tikisa tawi juu ya karatasi. Unga mwembamba ukidondoka, bungua yumo, na hilo lirudi jikoni siku hiyohiyo. Gome nalo liangalie. Wadudu hujificha chini yake, na maji ya mvua hukaa humo muda mrefu. Pambo litakaloishi kwenye mvua ni bora limenywe gome. La barazani, chini ya paa, linaweza kubaki nalo.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi inatufundisha huku kwa upande wa pili. Tawi la kuokota limeshapita ubichi, halikunjiki tena, na mkunjo unaoutaka lazima uukute tayari. Mara ya kwanza nilipojaribu kutengeneza upinde wa lango, nililazimisha tawi kavu la mkorosho kwa kamba na jiwe mpaka likavunjika. Mzee mmoja fundi wa Lindi mjini aliyekuwa ananitazama akasema, "Mjukuu wangu, usilinyooshe wala usilikunje. Lizungushe." Nikamjibu, "Nilizungushe vipi, babu?" Akalishika kipande kilichobaki, akalisimamisha, akaligeuza robo, akaligeuza tena. Upande wa tatu lilikuwa upinde. Tangu siku ile sikati tawi kabla sijalitazama pande zake zote nne, na ningependa kila anayeanza aanzie hapo badala ya kuanzia kwenye msumeno.

Kuunganisha kuna njia tatu. Ya kwanza ni panda: tawi moja linalala ndani ya panda ya jingine, uzito wenyewe unashika, kamba inasaidia tu. Ya pili ni ulimi na tundu, yaani ncha ya tawi inachongwa ikawa nyembamba na kuingizwa kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee. Hiyo ni ya viti na ngazi. Ya tatu ni msumari, na mti mkavu ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza utapasuka. Kwa kamba, ya makumbi ya nazi huvumilia maji kuliko katani, ijapokuwa katani ni ya nyumbani kwa Lindi, yenye mashamba kama Kikwetu. Kamba ya katani iweke penye kivuli.

Adui mkubwa wa yote haya anatoka ardhini. Mchwa. Usichimbie tawi tupu kwenye udongo kama unataka likae. Mimi huzika kipande cha nondo kwenye zege, nakiacha kimejitokeza, kisha nafunga mguu wa tawi kwenye nondo hiyo ukiwa umeinuliwa vidole vinne kutoka chini. Njia ya mchwa wa kupanda ikionekana kwenye nondo, unaipangusa kwa ufagio. Kuna wanaopaka oili chafu ya magari. Penye mboga usithubutu, na mti uliopakwa oili usije ukaishia jikoni. Wengine hutumia mafuta ya maganda ya korosho. Yanafanya kazi, lakini mafuta hayo huunguza ngozi mpaka ikabanduka, na kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua. Vanishi siipendi kwenye kazi hii. Inang'aa siku za mwanzo, halafu jua la pwani linaibandua magamba magamba. Mti ulioachwa wazi hugeuka rangi ya majivu, na rangi hiyo inakaa vizuri karibu na mawe ya matumbawe ya kuta za Mikindani.

Lango langu la kwanza liliona masika mawili. Upinde wa mkorosho ulianza kutoa unga mwaka wa pili, nikaushusha kabla haujamwangukia mtu, na asumini nikaihamishia kwenye nguzo za mwarobaini ambako imepanda mpaka usawa wa paa. Panda ya mpera iliyokuwa katikati ya lango lile haikuguswa na mdudu. Ipo uani hadi leo, karibu na mtungi, na ndiyo tunayotundikia kata.